Uwanja Mmoja, Mipira Miwili

Jumatatu usiku, tarehe 29 Oktoba, 2018, Tottenham Hotspur ilicheza na Manchester City katika uwanja wa Wembley, mjini London. Wale kati yetu walioitazama mechi hiyo kwa televisheni wanakumbuka jambo moja kuliko hata goli la Riyad Mahrez lililowapa City ushindi wa 1-0. Wanakumbuka hali ya uwanja. Pale katikati, mpira unapoanzishwa, ilionekana alama kubwa ya ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, imefutwa nusunusu. Mistari ya mchezo mwingine ilikatiza chini ya miguu ya wachezaji. Nyasi zilikuwa zimechimbuka, na mpira uliopigwa chini ulirukaruka kama jiwe lililotupwa barabarani.

Sababu yake haikuwa siri. Siku moja tu kabla, Philadelphia Eagles na Jacksonville Jaguars walikuwa wamesukumana hapo hapo. Hata hiyo haikuwa mechi ya kwanza ya aina yake mwezi ule: Jumapili tatu mfululizo, tarehe 14, 21 na 28 Oktoba, Wamarekani walicheza Wembley. Kisha mafundi wa nyasi wakapewa usiku mmoja na mchana mmoja kuurudisha uwanja katika hali ya kuchezewa mpira wa miguu. Walifanya walichoweza, na dunia nzima ikaona kwamba muda haukutosha.

Ndugu msomaji, sisi katika chama tumezoea kuuliza swali moja kila linapotokea jambo la namna hii: mahali hapa pa kazi ni pa nani, na ni nani aliyeamua? Kwa mchezaji, uwanja ni sakafu ya kiwanda. Ikiwa na mafuta yaliyomwagika, atateleza. Kwa fundi wa nyasi, uwanja ndio shamba lake. Kwa mwenye uwanja ni duka, na duka lililofungwa halileti fedha. Ugomvi wote wa kushirikiana uwanja unatoka hapo.

Tottenham hawakwenda Wembley kwa kupenda. Uwanja wao wa zamani, White Hart Lane, walioutumia tangu mwaka 1899, ulivunjwa mwaka 2017 ili ujengwe mpya mahali pale pale. Mpya ulitazamiwa kufunguliwa Septemba 2018, lakini mitambo yake ya usalama ikawa na kasoro, na ufunguzi ukaahirishwa. Basi klabu ikaendelea kuwa mpangaji, na mpangaji hapangi ratiba ya nyumba. Na kuna jambo la kuchekesha hapa. Ile mechi ya tarehe 14 Oktoba, kati ya Seattle Seahawks na Oakland Raiders, ilikuwa imepangwa kuchezwa katika uwanja mpya wa Tottenham. Kwa kuwa haukuwa tayari, ikahamishiwa Wembley. Tottenham waliugua homa ya mgeni waliyemwalika wao wenyewe.

Habari ya Wembley ilianza zamani kidogo. Mechi ya kwanza ya msimu wa NFL katika uwanja ule mpya ilichezwa tarehe 28 Oktoba, 2007. New York Giants waliwashinda Miami Dolphins 13-10. Wasomaji wetu wa Uganda watapenda kujua kwamba katika kikosi cha Giants mwaka ule alikuwamo Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1972 katika utawala wa Idi Amin. Siku ile ilikuwa ya mvua, na uwanja ukageuka tope.

Wiki tatu na ushei baadaye, tarehe 21 Novemba, timu ya taifa ya Uingereza iliingia uwanjani humo kupambana na Croatia. Sare tu ingetosha kuwapeleka kwenye mashindano ya Ulaya ya mwaka 2008. Mvua ilinyesha tena. Katika dakika ya nane Niko Kranjčar alipiga shuti la mbali, mpira ukadunda mbele ya golikipa Scott Carson, ukamponyoka na kuingia wavuni. Uingereza wakafungwa 3-2, wakabaki nyumbani, na kesho yake kocha Steve McClaren akafukuzwa. Lawama nyingi ziliangukia nyasi. Sisi hatukubali lawama zote. Croatia nao walicheza juu ya tope lile lile, wala hawakuletewa uwanja wao kutoka Zagreb. Lakini anayeandaa kazi ya maana kama ile kisha akakodisha sakafu yake kwa watu wengine wiki chache kabla, asishangae akiulizwa.

Kwa nini mchezo huu unaumiza nyasi kiasi hicho? Katika mpira wa miguu wachezaji 22 hutawanyika katika uwanja wenye upana wa mita 68 hivi. Uwanja wa Kimarekani ni mwembamba, hauzidi mita 49. Humo katikati watu wenye kilo 140 au zaidi hupangana uso kwa uso, wanasukumana kwa nguvu zao zote, wanasimama, wanajipanga, wanasukumana tena, kwa muda wa saa tatu. Njumu zao hazikimbii juu ya nyasi, zinazing'oa. Juu ya hayo kuna rangi: mistari kila hatua chache, namba, na alama za timu, ambazo zote lazima zioshwe au zifunikwe kwa rangi ya kijani kabla ya mechi nyingine.

Tena yote hutokea Oktoba na Novemba, wakati jua la Uingereza limeshuka na majukwaa marefu yametia uwanja kivuli. Nyasi zikichimbuka Mei zitaota. Zikichimbuka Novemba zitangojea sana. Wenzetu wa mashamba ya chai wanalijua jambo hili kuliko mkurugenzi yeyote wa michezo: kichaka kilichochumwa kupita kiasi hakichipui kwa amri ya nyapara. Nasi sote tumecheza katika viwanja vya kambi, asubuhi mkutano, alasiri mpira, jioni ng'ombe. Tunafahamu sehemu ipi ya uwanja hufa kwanza.

Tottenham walitafuta dawa yao, na kwa mtu anayependa kazi ya mikono ni dawa ya kustaajabisha. Mwezi Julai 2015 walifanya mkataba wa miaka 10 na NFL, wa mechi zisizopungua mbili kila mwaka. Hapo wahandisi wakaambiwa wajenge uwanja mmoja wenye sakafu mbili. Sakafu ya juu ni nyasi. Ya chini, karibu mita moja na nusu chini yake, ni zulia la plastiki kwa ajili ya Wamarekani. Sakafu ya nyasi imegawanywa vipande vitatu kwa urefu wake, na kila kipande kina uzito unaozidi tani 3,000. Wakati ukifika vipande hivyo vinaachana, mota za umeme zinavisukuma juu ya reli, vinapita kati ya nguzo kubwa zinazobeba jukwaa la kusini, jukwaa lenye viti 17,500, na vinaegeshwa chini yake kama mabehewa ya gari moshi. Kwa ajili ya nguzo hizo ndiyo maana vipande vikawa vitatu. Kipande kimoja kizima kisingepenya. Kutelezesha kwenyewe huchukua dakika 25 hivi. Huko gizani nyasi hupewa taa na maji ili zisife, na mchezo ukiisha zinarudishwa juani.

Uwanja huo ulifunguliwa kwa mechi ya ligi tarehe 3 Aprili, 2019, una nafasi ya watu 62,850, na uligharimu kama pauni bilioni moja. Siku kumi baada ya kufunguliwa, Tottenham waliwafunga Huddersfield 4-0, na goli la kwanza lilifungwa na Victor Wanyama wa Kenya. Wengi wetu tulishangilia goli lile bila kufikiri kwamba Mkenya yule alikuwa akikimbia juu ya kitu kinachoweza kusogezwa kwa swichi. Mechi ya kwanza ya Kimarekani ilichezwa hapo tarehe 6 Oktoba mwaka ule ule. Raiders waliwashinda Chicago Bears 24-21. Nyasi zilikuwa zimelala chini ya jukwaa, salama, na hakuna mchezaji wa Tottenham aliyecheza juu ya mistari ya watu wengine.

Haifai kusahau waliosogezwa pamoja na nyasi. Palikuwa na karakana ya familia ya kazi za bati, iliyosimama katika eneo lililotakiwa kwa ujenzi. Wenyewe walikataa kuondoka, shauri likafika Mahakama Kuu, na mwaka 2015 wakashindwa. Sheria ilikuwa upande wa uwanja. Tunaandika jambo hili kwa sababu vitabu vya sifa za majengo huwa haviandiki ni nani aliyekuwa akifanya kazi hapo kabla.

Hapo ndipo wengi husema shida imekwisha. Sisi twaona imehamia kwa mfanyakazi mwingine. Mchezaji wa mpira wa miguu amepata nyasi safi. Na yule Mmarekani aliyepewa zulia?

Wachezaji wa NFL wana chama chao, NFLPA, kilichoanzishwa mwaka 1956. Si chama cha mapambo. Mwaka 1982 waligoma kwa siku 57. Mwaka 1987 waligoma tena, na matajiri wa timu wakaleta wachezaji wa badala, wavunja mgomo, wakacheza mechi za wiki tatu huku wenyewe wakiwa nje ya lango. Mwaka 2020 rais wa chama hicho, J.C. Tretter, alieleza hadharani hesabu zilizokusanywa kutoka msimu wa 2012 hadi wa 2018. Majeraha ya miguu yanayotokea bila mchezaji kugongwa na mtu yalikuwa mengi zaidi kwa asilimia 28 juu ya nyasi bandia kuliko juu ya nyasi za kweli. Kwa goti peke yake ni asilimia 32. Kwa kifundo cha mguu na unyayo ni asilimia 69. Mkulima yeyote aweza kuelewa: nyasi za kweli hung'oka mguu unapokwama, na zulia halitoi. Kisichong'oka ardhini hung'oka mguuni.

Wachezaji wanawake wa mpira wa miguu walilijua jambo hili mapema. Mwaka 2014 kikundi chao, akiwamo Abby Wambach wa Marekani, kilipeleka mashtaka Canada kwa sababu Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2015 lilipangwa kuchezwa lote juu ya nyasi bandia, jambo ambalo wanaume hawakuwahi kufanyiwa. Januari 2015 waliondoa mashtaka yao, na mashindano yakachezwa juu ya plastiki. Lakini kwa Kombe la Dunia la wanaume la mwaka 2026, FIFA ilidai nyasi za kweli katika viwanja vyote 16, na vile viwanja vya NFL vyenye zulia vikalazimika kutandikiwa nyasi kwa ajili ya wageni. Mchezaji wa NFL ana haki kabisa ya kuuliza kwa nini tajiri wake aliyekuwa akisema nyasi haziwezekani aliziweza mara FIFA ilipobisha hodi.

Kuna wafanyakazi wengine ambao hawahesabiwi katika mazungumzo ya nyasi wala zulia: wapishi, wafagiaji, walinzi, wakatisha tiketi, hao mafundi wa nyasi wenyewe. Kila mechi ya ziada ni zamu ya ziada. Husemwa kwamba uwanja unaofanya kazi siku nyingi ni usalama wa ajira yao, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini tarehe 31 Machi, 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vyote, klabu hiyo hiyo yenye sakafu mbili ilitangaza kupunguza kwa asilimia 20 malipo ya wafanyakazi wake 550 wasio wachezaji. Mashabiki wake wakapiga kelele. Tarehe 13 Aprili uamuzi ule ukatenguliwa. Sakafu ya pili haikuwalinda. Waliowalinda ni watu wanaokaa majukwaani.

Wala si kila klabu inaweza kujenga reli chini ya jukwaa. Real Madrid, iliyowakaribisha Miami Dolphins na Washington Commanders tarehe 16 Novemba, 2025, ina ghala la chini ya ardhi la kuhifadhia nyasi zake, na ni tajiri wa kutosha. Kwa wengine dawa iliyo karibu ni ratiba. Mjini Munich, uwanja wanaotumia Bayern ulipokea mechi ya kwanza ya NFL nchini Ujerumani tarehe 13 Novemba, 2022. Tampa Bay Buccaneers waliwashinda Seattle Seahawks 21-16, juu ya nyasi zile zile za Bayern, na ziliteleza. Lakini siku moja kabla, Bayern walikuwa wamemaliza mechi yao ya mwisho kabla ya mapumziko ya Kombe la Dunia, tena ugenini, kwa Schalke. Fundi wa nyasi wa Munich alipewa zaidi ya miezi miwili. Bayern hawakucheza tena ligi nyumbani mpaka tarehe 24 Januari, 2023, walipotoka sare ya 1-1 na Köln.