Kelele ya Pedeli Isikupite Sikioni

Ndugu msomaji, ikiwa una mtoto anayekwenda shuleni kwa baiskeli, kesho asubuhi mwambie asubiri kidogo kabla ya kuondoka. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono, kisha tega sikio. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga chini ya kiatu, jua kuna kazi inayokungoja.

Wenyeji wa Migori na Homa Bay wataelewa upesi. Vumbi la njia za Muhuru Bay, matope ya masika katika mashamba ya miwa ya Awendo na mchanga wa ufuoni mwa ziwa, vyote hujipenyeza ndani ya pedeli. Kabla pikipiki hazijaenea, baiskeli nzito nyeusi, ile Black Mamba, ndiyo iliyobeba abiria, mahindi na samaki. Hata leo ziko nyumba zinazoitegemea.

Jirani yangu mmoja wa Homa Bay aliipuuza kelele hiyo wiki nzima. Siku moja, akipanda mlima na gunia la omena, pedeli ilichomoka. Alichubuka goti tu, lakini omena ilimwagika barabarani, na karo aliyokuwa akiitafutia ikachelewa. Dawa yake ilikuwa kijiko kimoja cha grisi!

Je, kwa nini ilichomoka? Grisi ikikauka, gololi hukwama. Pedeli isipozunguka, kila kanyagio la mguu huusukuma mhimili wake upande wa kufungukia, hadi unatoka.

Sasa tafuta spana namba 15, bisibisi, bakuli, tambara, mafuta ya taa na grisi. Fanyia kazi uani, mbali na jiko na watoto wadogo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Pedeli ya kulia hufunguliwa kama nati ya kawaida, lakini ya kushoto hufunguliwa kinyume chake. Kanuni rahisi ni hii: weka spana juu ya pedeli, ikiwa imesimama wima, uvute ncha yake kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili zitafunguka. Kufunga ni kuelekea mbele.

Ondoa kifuniko cha nje. Shikilia pedeli juu ya bakuli, ufungue nati, washa na koni. Hesabu gololi za kila upande na uziweke mbalimbali, kwani hupotea kama njugu. Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, kisha tazama. Gololi yenye vishimo haifai. Nunua seti mpya za ukubwa ule ule. Vikombe vyake vikiwa vimelika, badilisha pedeli nzima. Vivyo hivyo kwa zile za plastiki zisizofunguka.

Paka grisi ndani ya vikombe, upange gololi juu yake. Grisi itazishika zisidondoke. Rudisha mhimili, koni, washa na nati. Kaza hadi pedeli izunguke kwa wepesi bila kuchezacheza. Ukikaza mno, itakwama. Ukilegeza mno, gololi zitaliwa.

Mwisho, paka grisi kidogo kwenye meno ya mhimili, uanze kuifunga kwa vidole kabla ya kushika spana. Ukilazimisha, utaharibu mkono wa pedeli, na huo ni ghali kuliko grisi. Tazama pia herufi: R ni ya kulia, L ni ya kushoto.

Na wale wa mashindano, wenye pedeli zinazonasa kiatu? Bernard Hinault wa Ufaransa alishinda Tour de France ya 1985 akizitumia. Nazo huhitaji grisi kwenye mhimili, ila sehemu ya kunasia kiatu ipakwe mafuta mepesi tu, maana grisi nzito hukusanya vumbi.

Rudia kazi hii kila baada ya msimu wa mvua, na mkaribishe mwanao akushikie bakuli. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku baiskeli itakapomgomea njiani, mbali nawe, atakuwa anajua la kufanya.