Kaseti Moja, Wabishi Wawili

"Mjomba, hivi watu wazima wanaweza kugombania muziki?"

Wanaweza sana, wajomba zangu. Na umeuliza vizuri wewe mdogo hapo mbele. Wengi wakisikia ubishi wanapita zao. Wewe umesimama ukauliza. Sogeeni basi.

Twende Mchikichini, pale Karume, kwenye soko la mitumba. Muuza mashati kapanda juu ya meza. Anapiga makofi. "Buku! Buku! Chagua mwenyewe!" Jirani yake ni fundi cherehani, anapunguza suruali. Pembeni ya cherehani ipo redio ya kaseti, ya zamani, imefungwa kwa raba. Na leo kaseti yenyewe imeamua kusema.

"Mimi ni kaseti," inasema. "Tumboni nina utepe mwembamba wa kahawia. Zamani betri zilikuwa ghali. Basi watu walinichomeka kalamu ya biki kwenye tundu, wakanizungusha ili nirudi nyuma. Kizunguzungu changu mnakijua ninyi? Ila sikulalamika. Ndani yangu yumo Sikinde."

"Mjomba, Sikinde ni nani?"

Ni bendi. Jina lake kamili ni Mlimani Park Orchestra. Ilianza mwaka 1978. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake walitoka Juwata Jazz, bendi iliyozaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma. Wakaenda kusimamisha bendi mpya. Basi, Msondo huku, Sikinde kule, na mji ukagawanyika kati. Mume Msondo, mke Sikinde, na nyumba ni moja!

Sasa kaseti inapiga. Fundi cherehani anafumba macho. "Huu ndio wimbo," anasema. "Kila neno unalisikia."

Muuza mashati anaruka kutoka mezani. "Wimbo gani huo? Unaanza kunoga, umekwisha!"

"Mjomba, nani anasema kweli?"

Tuiulize kaseti.

"Nilirekodiwa studio za Radio Tanzania," inasema. "Bendi nzima iliingia pamoja. Waimbaji, gitaa la solo, la rithim, la besi, tarumbeta, mdomo wa bata, tumba. Walipiga wote kwa mara moja. Akikosea mmoja, mnaanza upya wote. Na redio ina saa ukutani. Wimbo una sehemu mbili. Kwanza mwendo wa taratibu, watu wanasikiliza kisa. Halafu chemko, watu wanacheza. Kule ukumbini, DDC Kariakoo, chemko ilivutwa mpaka mashati yakalowa. Kwangu mimi ilipewa dakika chache tu. Rudisha nyuma, sikiliza tena. Utasikia inavyokatwa."

"Kwa hiyo muuza mashati ndiye mkweli!"

Usikimbie, mjomba. Sufuria moja ya pilau ikiepuliwa, shangazi yako anaangalia nyama, babu yako anakwangua ukoko. Ukimuuliza kila mmoja pilau lilikuwaje, utadhani walikula nyumba mbili. Fundi alikwenda kwa maneno, akayapata. Muuza mashati alikwenda kwa chemko, akaikosa. Kaseti ni ile ile.

"Na huko kwa Wazungu, mjomba, wanabishana hivyo hivyo?"

Loo! Swali zuri hilo. Wanabishana hata jukwaani, wakiwa wamevaa suti. Wana muziki unaoitwa konserto. Ala moja, tuseme piano, inazungumza na okestra nzima. Piano inasema, okestra inajibu. Hakuna anayeimba. Mpiga piano ana mawazo yake, na kiongozi wa okestra, yule mwenye kijiti, naye ana yake.

Tarehe 6 Aprili 1962, jijini New York, kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, mpiga piano alikuwa Glenn Gould, kijana wa Kanada. Mwenye kijiti alikuwa Leonard Bernstein. Walikuwa wapige konserto ya kwanza ya piano ya Johannes Brahms, Mjerumani. Gould aliitaka pole pole. Pole pole kweli kweli. Basi Bernstein akawageukia watu kabla ya noti ya kwanza, akawaambia kwamba hakubaliani na mwendo huo. Ila Gould ni msanii wa kusikilizwa, kwa hiyo atauongoza hivyo hivyo. Watu wakacheka. Kisha wakapiga, zaidi ya dakika 50.

"Mbona hawakuangalia kwenye karatasi, mjomba? Si noti zimeandikwa?"

Ee, huyu mtoto ana akili! Noti zimeandikwa. Lakini mwanzoni pameandikwa tu kwamba ipigwe kwa fahari. Haya, fahari inatembea kwa mwendo gani? Bibi harusi anatembea kwa fahari, na gwaride la askari linatembea kwa fahari.

Gazeti la New York Times lilimkejeli Gould. Wengine waliupenda mwendo wake, na wanaupenda mpaka leo, maana usiku ule ulirekodiwa na mwaka 1998 ukatoka kwenye sidii. Na nanyi mtacheka. Miaka ya 1980 Bernstein huyo huyo alirekodi konserto hiyo hiyo na mpiga piano mwingine, Krystian Zimerman. Ilichukua dakika ngapi? Zaidi ya 50!

"Rudisha nyuma, sikiliza tena," kaseti inacheka kwenye redio yake.

Mimi ubishi haunichoshi. Anayenichosha ni yule anayesema "mbovu" halafu akanyamaza. Mbovu wapi? Kwenye gitaa? Kwenye sauti? Nionyeshe mahali, tusikilize wote. Muuza mashati alionyesha mahali, ndiyo maana nampenda.

Na Gurumo? Miaka ya baadaye alirudi zake Msondo. Sasa fundi cherehani, anayefumba macho Sikinde ikipigwa, angesemaje?

"Na wewe mjomba, Sikinde au Msondo?"

Sikinde. Kwa sababu ya tarumbeta, pale zinapoingia waimbaji wakivuta pumzi. Shangazi yenu ni Msondo. Kamuulizeni kwa nini, lakini kuleni kwanza, maana jibu lake ni refu kuliko Brahms.