Mimi na Mji: Picha ya Meidner na Jina la Ubatizo

Mwaka 1913 Ludwig Meidner, mchoraji Myahudi mzaliwa wa Silesia aliyeishi Berlin, alijichora mwenyewe katika picha aliyoiita "Ich und die Stadt", yaani "Mimi na Mji". Twaieleza hapa kwa sababu inagusa jambo ambalo wachungaji wa sharika za mijini hukutana nalo kila juma.

Kwa desturi, mtu ajichorapo huacha nafasi kati ya uso wake na mandhari iliyo nyuma yake. Meidner hakuiacha. Kichwa chake kiko chini, na majumba yamekizingira, yameinama kana kwamba yanamwangukia. Mikwaruzo ileile ya rangi iliyofanya kuta ndiyo iliyofanya na uso, hata ni vigumu kusema mji unaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Berlin, iliyokuwa na watu wapatao 800,000 mwaka 1871, ilikuwa imepita milioni 2 mwaka 1910.

Hivyo picha yatufundisha kwamba mjini mtu hapotei kwa upweke tu. Aweza kupotea kwa kujazwa: kelele, haraka na matakwa ya wengine humwingia mpaka nafsi yake ikakosa mlango. Hata hivyo uso ule ungali umetuelekea, kama wa mtu angojaye kuitwa.

Luther alifundisha kwamba haki yetu hutoka nje yetu, kwa Neno. Ndivyo ilivyo hata kwa utu wetu: hatuupati kwa kujichunguza, bali tunapewa. Katika Ubatizo jina letu hutamkwa pamoja na Jina la Mungu wa Utatu. Nako katika Isaya 43, maandiko yaliyokuwa ya Wayahudi kabla ya kuwa yetu, kuitwa kwa jina kunatangulia kupita katika maji mengi.

Hapa yatupasa kujihoji. Mgeni ahamiapo usharika wa mjini huandikwa na kupewa bahasha za sadaka zenye namba, na mara nyingi namba ndiyo tuikumbukayo. Sisi wenyewe tumewahi kumzika msharika ambaye jina lake tulilijua siku ya maziko tu, kwa kulisoma kwenye kadi.

Hesabu ni ya lazima, lakini isilitangulie jina. Wanafunzi wetu wapangiwapo mijini, na wajifunze kwanza majina ya watu wa jumuiya moja, nyumba kwa nyumba.