Mbu Huleta Malaria: Je, Kila Mbu?

Tangu zamani za Aristoteli, Mgiriki mwenye hekima aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, wanafunzi hufundishwa mantiki, ndiyo elimu ya kufikiri kwa utaratibu. Mfano wake wajulikana: Kila mtu atakufa, Petro ni mtu, basi Petro atakufa. Hapo hapana kosa. Lakini tazameni mfano huu: Ndege huruka, mbuni ni ndege, basi mbuni huruka. Aliyemwona mbuni ajua kwamba yeye hukimbia tu. Je, kosa limeingia kwa mlango gani?

Limeingia katika neno dogo. Mfano wa kwanza wasema «kila»; wa pili wasema «hu» tu. Na «hu» ya lugha yetu hutaja desturi ya kitu, haihesabu kimoja kimoja. Mwenye kugeuza «hu» kuwa «kila» atafika penye uwongo, ingawa hakuvunja hata kanuni moja ya mantiki.

Kosa hili lina ndugu yake, naye ni wa hatari zaidi. Twasema: Mbu huleta malaria. Neno hili ni la kweli. Mwaka 1897, huko India, mganga Mwingereza Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu. Walakini mbu dume haumi mtu. Yeye hunyonya utamu wa maua. Na katika majike, ni wale wa jamii ya Anopheles tu wanaotuambukiza malaria. Nao hawana budi kwanza kunyonya damu yenye vijidudu, kisha zipite siku 10 hivi au zaidi. Kwa hiyo mbu walio wengi hawana malaria.

Sasa aje kijana apendaye kubishana, amwambie mama yake: «Si kila mbu huleta malaria, basi neno lile ni uwongo, chandarua cha nini?» Maneno yake yafuatana vizuri, lakini yaweza kumwua mdogo wake. Mbu mmoja mwenye vijidudu atosha kumlaza mtoto, na gizani hakuna ajuaye ni yupi.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto mkaidi akirudi na miguu mizima, methali haikuvunjika.

Wataalamu nao wamelishughulikia. Mwaka 1980 Raymond Reiter, wa Kanada, alitoa maandishi juu ya kufikiri kwa namna hii: shika ilivyo desturi mpaka upate habari ya kukuzuia. Ukiambiwa «ndege», dhani kwamba aruka. Ukiambiwa «mbuni», acha dhana hiyo.

Basi, enyi wazazi nanyi wanafunzi, kabla ya kutumia neno la «hu», jiulizeni: nikikosea, nani ataumia? Ukimdhania mbu mwema kuwa mbaya, umepoteza nini? Umefunga chandarua tu. Lakini ukisema, «Watu wa kijiji kile huiba», kisha ukamfukuza mgeni aliyetoka huko, umemhukumu mtu ambaye hujamwona akitenda neno lo lote. Mbu hatuwezi kumwuliza habari zake. Mtu twaweza: tumkaribishe, tumsikilize, tuyatazame matendo yake mwenyewe.