Kompyuta Pepe ni Uzio Imara, Lango Lisiachwe Wazi

Na Mwandishi Wetu, Hai

KOMPYUTA pepe, yaani kompyuta inayoundwa kwa programu na kufanya kazi ndani ya kompyuta nyingine, ni msaada mkubwa kwa ofisi zenye programu za zamani zisizokubali mifumo mipya. Hata hivyo, usalama wake hutegemea jambo ambalo mara nyingi husahaulika: namna mafaili yanavyopitishwa kati ya kompyuta hizo mbili.

Huko Machame, wilayani Hai, mkulima anapopeleka kahawa katika chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), huacha pia taarifa zake: jina, kilo alizopeleka, namba ya simu na akaunti ya malipo. Iwapo programu ya hesabu ya ofisi kama hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Windows 7, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020, fundi anaweza kununua kompyuta mpya na kuiweka Windows hiyo ndani yake kwa kutumia programu kama VirtualBox. Hapo kompyuta halisi huwa mwenyeji, na ile ya zamani huwa mgeni.

Mgeni hupewa sehemu ya kumbukumbu ya mwenyeji, na diski yake ni faili kubwa lililohifadhiwa katika diski ya mwenyeji. Kirusi kikimwingia mgeni, kwa kawaida hubaki humo. Ni mfano wa kihamba kilichozungushiwa masale: mpaka unajulikana. Lakini kila uzio una lango, na lango la kompyuta pepe ni folda ya pamoja, ambayo mgeni na mwenyeji wote huifungua.

Hatari ya lango hilo ilidhihirika Mei 2020, pale kampuni ya usalama ya Sophos ilipoeleza mbinu ya wahalifu wa Ragnar Locker. Wahalifu hao walipenyeza VirtualBox katika kompyuta za waathirika, wakaweka ndani yake Windows XP, kisha wakazifanya diski za mwenyeji kuwa folda za pamoja. Programu yao ya kilobaiti 49 tu ilikaa kwa mgeni na kuyafunga mafaili ya mwenyeji ili wadai fidia. Kinga ya virusi ya mwenyeji haikuweza kuona ndani ya mgeni. Ilichoona ni VirtualBox, programu halali, ikibadilisha mafaili.

Kutokana na funzo hilo, ofisi inayotumia kompyuta pepe inapaswa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, ishirikishwe folda moja ndogo iliyotengwa kwa kazi hiyo, kamwe isiwe diski nzima. Mgeni akihitaji kusoma pekee, folda iwekwe katika hali ya kusoma tu.

Pili, mafaili yanayotoka kwa mgeni yapokelewe katika folda ya peke yake na kukaguliwa virusi kabla ya kufunguliwa. Kazi ikiisha, folda iondolewe.

Tatu, uwezo wa kunakili maandishi na kuburuta mafaili kati ya mgeni na mwenyeji uzimwe usipohitajika.

Nne, mgeni mwenye mfumo wa zamani akatiwe mtandao. Akiunganishwa kwa njia ya daraja, huonekana katika mtandao wa ofisi kama kompyuta inayojitegemea, na maambukizi yake huweza kuzifikia nyingine. Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu katika huduma ya Windows ya kushirikisha mafaili mtandaoni.

Tano, programu inayoendesha kompyuta pepe isasishwe. Mwaka 2008 ilitangazwa hitilafu katika folda za pamoja za VMware iliyomwezesha mgeni kutoka nje ya folda aliyoruhusiwa.

Sita, hali ya mgeni iliyohifadhiwa ili kurejewa baadaye isichukuliwe kuwa nakala rudufu, kwa kuwa kwa kawaida hukaa katika diski ileile. Nakala ya kweli ihifadhiwe katika diski ya nje isiyoachwa imechomekwa. Aidha, anayenakili faili la diski ya mgeni huondoka na taarifa zote zilizomo, hivyo lilindwe kwa nywila.

Wajibu huu ni wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda, na usimamizi wake uko chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mkulima aliyepeleka kahawa yake huenda hajapata kulisikia neno kompyuta pepe, lakini hesabu zikipotea, malipo yatakayokwama ni yake. Kabla ya kuipokea kazi ya fundi, kiongozi wa ofisi aulize: ni folda zipi zimeachwa wazi, kwa sababu gani, na nani atazifunga?