Nani Aliyeijenga Kilwa?

Barazani Kilwa Masoko, na hata sebuleni kwetu baada ya chakula cha jioni, bishano hili halikosi: magofu ya Kilwa Kisiwani ni kazi ya Washirazi au ya Waafrika? Akina baba hubishana mpaka kahawa inapoa. Akina mama wenzetu, tusilichukulie kuwa porojo tu. Watoto wanasikiliza, na kesho yake mmoja humwita mwenzake "mtu wa kuja".

Hadithi ya zamani husema Ali bin Hassan wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Nguo zinakumbukwa sana. Wanawake ni nadra kutajwa.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Walikuta kwamba damu ya Afrika na ya Uajemi ilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Basi kila upande wa baraza una haki yake. Lakini damu ya Uajemi ililetwa hasa na wanaume. Upande wa kike, karibu wote ulikuwa wa Afrika. Bibi zetu hao! Ndio waliowalea watoto wa wafanyabiashara wale, nao wakakua wakisema Kiswahili, si Kiajemi: maji wakayaita maji, na moto wakauita moto, kama walivyosikia jikoni kwa mama zao.