Matusi Vilabuni: Je, Yapigwe Marufuku? Mfano wa Lodwar na Kakuma

Mwezi wa Aprili 2017 kampuni ya kutengeneza pombe ya Samuel Smith, ya mji wa Tadcaster huko Uingereza, iliagiza kwamba mteja atakayetukana katika baa zake asihudumiwe. Agizo hilo lilizusha ubishi, lakini ubishi wenyewe ulikuwa mwepesi kwa namna moja: mwuzaji na mnunuzi walizungumza lugha moja, na aghalabu walikubaliana ni neno lipi lilikuwa tusi na lipi halikuwa. Suala hilohilo likihamishiwa Turkana, katika baa za Lodwar na vilabu vya busaa vya Kakuma, linakuwa suala la isimu kabla ya kuwa suala la adabu. Makala haya yanakusudia kuchunguza kama yafaa wenye vilabu wawakataze wateja kutukana, na kama yafaa, ni kitu gani hasa kinachopaswa kukatazwa.

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Ni mji wa Waturkana, lakini umejaa pia maofisa, walimu, madereva na wafanyabiashara waliotoka pande za kusini, pande ambazo baadhi ya wenyeji wangali wanaziita "Kenya", kana kwamba Turkana iko nje yake. Kakuma iko kaskazini-magharibi, kwenye barabara iendayo Lokichoggio, na imekuwa na kambi ya wakimbizi tangu 1992. Humo wamo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Waislamu walio wengi hawaendi kilabuni. Hata hivyo, si ajabu benchi moja likakaliwa na Mturkana, Mdinka, Mkongo na askari aliyezaliwa Nyeri. Kinachowaunganisha ni Kiswahili, ila si Kiswahili kimoja.

Neno "tusi" lenyewe limebeba mambo yasiyolingana. Yako matusi ya nguoni, yanayotaja viungo vya siri. Liko tusi la hasira lisilomlenga mtu, kama la mlevi aliyejikwaa kwenye ndoo. Liko linalomlenga mtu, na liko linalolenga ukoo au kabila lake. Laana ni jambo la mbali kabisa: kwa Waturkana laana ya mzee huogopwa kuliko neno chafu lolote, na yaweza kutamkwa kwa maneno safi yasiyoweza kukamatwa na sheria yoyote ya kilabu. Kisha uko utani. Tangu makala ya Radcliffe-Brown ya 1940 wataalamu wamekubali kwamba katika uhusiano wa utani kutukanana ni haki, na kukasirika ndiko utovu wa adabu. Wanyamwezi na Wazaramo hawakuhitaji kuambiwa hivyo na profesa. Mwenye kilabu atakayemfukuza mtani atakuwa amefukuza urafiki.

Ugumu wa kwanza, basi, ni kwamba tusi halimo katika neno. Chukua "nyoko". Kwa asili ni "mama yako" tu, umbo la kale la Kibantu lenye ndugu zake katika lugha nyingi, hata Kizulu. Leo ni miongoni mwa matusi mazito ya Kiswahili, ingawa halikuongezewa hata silabi moja ya uchafu. Katika miji mingi ya Kenya hata "mamako", likitamkwa peke yake kwa ukali, latosha kuanzisha ngumi. "Shoga" nalo, ambalo pwani ni jina la heri mwanamke amwitalo rafiki yake wa kike, bara limekuwa neno la kumdhalilisha mwanamume. Wala si nomino tu. Mkenya husema "nipe bia" bila nia mbaya. Mtanzania aliyezoea "naomba" husikia amri, na pengine dharau. Hakuna orodha ya maneno machafu itakayoandika "nipe".

Kakuma inaongeza ugumu wa pili, nao ni mkubwa zaidi. Mkongo akimwita mwenziwe "zoba", neno la Kilingala lenye maana ya mpumbavu, mhudumu wa Kiturkana hana habari kwamba tusi limepita juu ya trei yake. Neno la Kiarabu "abid", yaani watumwa, lilitumiwa Sudan kwa vizazi kuwadharau watu wa kusini. Mtu wa Juba akilisikia hulisikia na historia yote ya vita, na jirani yake wa Kirundi haoni kilichomwinua kitini. Kwa upande mwingine, Mturkana humwita asiye Mturkana "emoit". Neno hilo hilo humaanisha adui. Je, mzee asemaye kwamba "emoit" mmoja ameketi pale mlangoni ametukana, au ametaja mgeni kwa neno pekee ambalo lugha yake imempa? Jibu linategemea sauti, siku, na kama wiki hiyo kumekuwa na ugomvi wa kuni au mifugo kati ya kambi na wenyeji. Mkimbizi aliyekwisha kujifunza maana ya pili ya neno hilo hangojei maelezo ya mwanaisimu.

Kenya imewahi kujaribu njia ya orodha. Mwezi wa Aprili 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitangaza maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki. Mlikuwamo "madoadoa", kwa kuwa wanasiasa wa Bonde la Ufa walikwisha kulitumia kwa maana ya watu wa makabila mengine wanaopaswa kuondolewa. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu zake, maana watu walikufa. Lakini Turkana ni nchi ya mbuzi, na mbuzi wana madoadoa. Mlikuwamo pia "kihii", neno la Kikikuyu kwa mvulana asiyetahiriwa. Waturkana kwa mila hawatahiri. Mwanamume wao huingia utu uzima kwa sherehe ya asapan. Akiitwa "kihii" na mfanyabiashara wa Lodwar, hatukanwi yeye tu bali utu uzima wote kama kwao unavyoeleweka. Hapa orodha iligonga penyewe, pale ilipiga hewa, nayo haiwezi kutofautisha.

Sheria nayo husaidia kwa kiasi. Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu hakikatazi neno. Kinakataza maneno ya matusi hadharani yanayoelekea kuvunja amani. Hicho ni kipimo cha busara, kwani kinatazama tendo. Kifungu kinachofuata, hata hivyo, kina harufu ya ukoloni uliokizaa: kinamtaja mfanyakazi anayemtukana mwajiri wake, wala hakimtaji mfanyakazi anayetukanwa. Sheria ya Ajira ya 2007 ilimlinda mfanyakazi dhidi ya lugha ya kumdhalilisha kijinsia kutoka kwa mwajiri au mfanyakazi mwenzake, mteja hakutajwa.

Na hapo ndipo kiini cha suala kilipo. Wanaotetea uhuru wa mnywaji husema kwamba kilabu ni mahali pa kulegeza ulimi, na asiyependa aende kwingine. Hoja hiyo ina nguvu kwa wateja, kwa kuwa wana miguu. Haina nguvu kwa mwanamke anayegawa busaa, asiyeweza kuondoka kabla hajalipwa, na ambaye kila jioni hupokea maneno ambayo mnywaji asingethubutu kumwambia dada yake. Wala yeye hahitaji mfasiri: anajua anaposemwa.

Kwa hiyo marufuku ya maneno haifai Lodwar, na Kakuma haitekelezeki. Inayofaa ni marufuku ya mlengwa: mteja asimtukane anayemhudumia, wala asitukane kabila la aliye mezani. Mlalamikaji awe ndiye aliyetukanwa, na maana ya neno iulizwe kwake na kwa mtu mwingine wa lugha hiyo aliyepo. Mwenye kilabu hana haja ya sheria mpya. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 imekwisha kumruhusu kumtoa mlevi mgomvi. Linalobaki ni tangazo ukutani. Likiandikwa "Matusi ni marufuku", kila msomaji atadhani linamhusu jirani yake. Likiandikwa "Usimtukane anayekuhudumia", Mkongo, Mturkana na askari wa Nyeri watalisoma kwa maana moja, na asiyejua kusoma ataelezwa na mhudumu mwenyewe.